Henrik Larsson: fowadi aliyepanda taratibu, kocha aliyeruka darasa

Kila likitajwa jina la Henrik Larsson mbele ya wapenda mpira utasikia mambo mawili yakifuatana. La kwanza ni sifa, kwamba jamaa alikuwa straika wa hatari sana, na la pili ni kumponda, kwamba ukocha ulimshinda. Sifa naziunga mkono mia kwa mia. Huko kumponda ndo nakupinga, sio kwa sababu alifanikiwa, maana hakufanikiwa, ila kwa sababu watu wanatoa hukumu bila kuangalia njia aliyopita. Wanakwambia tu wachezaji wakubwa hawawezi ukocha, basi, mjadala umefungwa. Mimi naona tatizo lake lilikuwa lingine kabisa, na ukiyaweka maisha yake ya uchezaji karibu na maisha yake ya ukocha unaliona mchana kweupe.

Tuanze na uchezaji, maana huko ndo kuna jibu.

Larsson kazaliwa Helsingborg mwaka 1971, kusini mwa Sweden, baba baharia kutoka Cape Verde, mama Mswidi mfanyakazi wa kiwandani, na jina la Larsson ni la upande wa mama. Kakulia Högaborg, klabu ndogo ya mtaani, na mpaka anafika miaka ya ishirini alikuwa bado sio mtu yeyote kwenye mpira wa Ulaya, alikuwa anafanya kazi ya kupakia matunda huku anacheza madaraja ya chini. Hebu fikiria, wenzake wa umri ule wanaotajwa leo kwenye orodha za wakubwa walikuwa tayari wameshasajiliwa na klabu za maana, yeye yupo na makreti. Mwaka 1992 ndo akachukuliwa na Helsingborg, timu iliyokuwa haijaonja ligi kuu toka iliposhuka mwaka 1968, akapangwa mbele pamoja na Mats Magnusson, mkongwe aliyekuwa amerudi kutoka Benfica, na msimu ule ule Larsson akafunga mabao 34 timu ikapanda. Kwahiyo ligi kuu ya nchi yake kaicheza mara ya kwanza akiwa na miaka 21.

Feyenoord wakamchukua mwishoni mwa 1993, na hapo pana funzo ambalo watu wanalipita haraka. Alibeba Kombe la Uholanzi mara mbili, 1994 na 1995, lakini nafasi yake haikutulia, leo anapelekwa pembeni, kesho nyuma ya straika, keshokutwa anatolewa kipindi cha pili, ilimradi miaka karibu minne ya kuhamishwa hamishwa. Kombe la Dunia 1994 Sweden wakashika nafasi ya tatu, yeye yumo na rasta zake kichwani, alipiga penati yake vizuri siku walipowatoa Romania kwenye robo fainali alafu akafunga moja kati ya nne walizowapiga Bulgaria. Lakini mastaa wa kikosi kile walikuwa Brolin, Dahlin na Kennet Andersson. Larsson alikuwa bado anasubiri zamu.

Celtic ya Scotland ndo wakamtoa gizani. Kocha wao Wim Jansen, aliyekuwa anamjua toka Feyenoord, akamvuta mwaka 1997 kwa pauni 650,000, bei ya kutupa hata kwa enzi zile. Mechi ya kwanza ya ligi, dhidi ya Hibernian, akaingia akitokea benchi na pasi yake mbovu ikamkuta adui, adui akafunga bao la ushindi. Mwanzo mbaya kuliko huo sijui kama upo. Msimu ukaisha Mei 1998 yeye akifunga bao la kwanza kwenye mechi na St Johnstone iliyowapa ubingwa na kuwazuia mahasimu wao Rangers wasichukue wa kumi mfululizo. Oktoba 1999 kule Lyon akavunjika mguu vibaya, picha ambazo ukiziona unageuza uso, na bado akawahi Euro 2000 na kuwafunga Italia. Alafu 2000/01 chini ya Martin O'Neill akafunga mabao 35 kwenye ligi na 53 jumla, akabeba Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya, tuzo ya mfungaji bora wa ligi za Ulaya, Celtic wakabeba makombe yote matatu ya Scotland. Miaka saba, mabao 242. Fainali ya Kombe la UEFA 2003 Seville alipiga vichwa viwili, mabao mawili, na bado Porto ya Mourinho ikaondoka na kombe kwa 3-2 baada ya muda wa nyongeza. Watu wa Celtic mpaka leo wanaizungumza Seville kama msiba.

Ukiunganisha hayo yote unaona kitu kimoja: huyu mtu hakuruka hata ngazi moja. Mtaani, daraja la pili, ligi ya nyumbani, Uholanzi ambako anahangaishwa, Scotland ambako anakuwa mfalme, alafu akiwa na miaka 32 ndo anaenda Barcelona. Kila ngazi aliikalia mpaka akaielewa.

Na matunda ya huko kuelewa yalionekana Paris, tarehe 17 Mei 2006, fainali ya Ligi ya Mabingwa kati ya Barcelona na Arsenal. Naiweka mechi hii hapa kwa kirefu kidogo kwa sababu hoja ninayoijenga imo humo. Arsenal wako kumi baada ya kipa Lehmann kutolewa kwa kadi nyekundu mapema, lakini wanaongoza 1-0 kwa kichwa cha Sol Campbell, na Barcelona yenye Ronaldinho na Eto'o imekwama, mpira wanao lakini mlango hawauoni. Kocha wa Barcelona, Rijkaard, anamwingiza Larsson baada ya saa moja ya mchezo akimtoa Van Bommel. Angalia anachofanya, hakimbilii mpira. Anasimama katikati ya mabeki, anasogea hatua mbili tatu, anawafanya waangalie upande wake. Dakika ya 76 Iniesta anapenyeza pasi, Larsson anaugusa mpira mara moja tu, mguso mwepesi, hata hausimamishi, na Eto'o anajikuta yuko peke yake na kipa Almunia, 1-1. Dakika kama nne baadae yupo pembeni kulia, Belletti anampasia na kuendelea kukimbia, Larsson anausubirisha mpira kidogo mpaka Belletti afike kwenye boksi ndo anamrudishia, 2-1, mchezo umeisha. Mguso mmoja wa haraka na mmoja wa kusubiri, vyote kwa wakati wake sahihi. Thierry Henry aliyekuwa upande ulioumia alisema baada ya mechi kwamba watu wanawasifia kina Ronaldinho na Eto'o lakini yeye aliyemwona uwanjani siku ile ni Henrik Larsson.

Mtu mwenye akili ile ya mpira huwezi kuniambia hajui mpira. Kwahiyo ile hoja ya kwamba alikuwa mchezaji wa kipaji tu asiyeweza kumfundisha mtu, kwangu haina miguu. Larsson alikuwa anausoma mchezo kuliko mabeki waliokuwa wanamkaba.

Sasa njoo kwenye ukocha.

Anastaafu mwishoni mwa 2009 akiwa na miaka 38, amerudi nyumbani Helsingborg toka 2006, katikati hapo kaenda Manchester United kwa mkopo wa miezi michache mwanzoni mwa 2007 na Old Trafford wakampenda. Anatangaza kustaafu Oktoba. Desemba, mwaka ule ule, anatangazwa kocha mkuu wa Landskrona BoIS, timu ya daraja la pili. Kocha mkuu! Sio msaidizi, sio kocha wa vijana, sio mtu wa kukaa pembeni ya mzee mmoja miaka miwili akiangalia kikao kinaendeshwaje, mchezaji anayegoma anaongeleshwaje, bodi inayotaka kuuza beki katikati ya msimu inajibiwaje. Miezi miwili mitatu iliyopita alikuwa anavua jezi, sasa anatakiwa awapange watu ishirini na tano.

Mtu aliyetumia miaka yote ile kupanda ngazi moja moja kama mchezaji, kwenye ukocha kaanzia kwenye ngazi ambayo wengine wanaifikia baada ya kuhangaika sana. Na hilo sio kosa lake peke yake, jina kubwa linafungua milango ambayo ilitakiwa ifungwe kwanza. Ukiwa Henrik Larsson nani atakuambia kaa kwanza ujifunze?

Kwa Sweden jambo hili lina uzito wa ziada, kwa sababu nchi ile imetoa makocha wazuri sana lakini karibu wote sio mastaa. Sven-Göran Eriksson, aliyefariki Agosti 2024, alikuwa beki wa kulia wa kawaida tu ambaye goti lilimstaafisha na miaka 27, akaenda Degerfors kuwa msaidizi wa Tord Grip, akapewa timu, akaenda IFK Göteborg na kubeba Kombe la UEFA 1982, ndo Benfica, Roma, Lazio na England vikafuata. Lars Lagerbäck, ambaye alimfundisha Larsson mwenyewe timu ya taifa, hakuwahi kuwa mchezaji wa kutajwa, kaanzia vitimu vya mkoani, kaingia shirikisho la soka, kasota miaka, na baadae akaja kuwa sehemu ya maajabu ya Iceland Euro 2016 pamoja na Heimir Hallgrímsson. Hawa wawili ndo wale ambao Kombe la Dunia 2010 Afrika Kusini walikuwa kwenye mabenchi ya timu za Afrika, Eriksson na Ivory Coast, Lagerbäck na Nigeria. Kwa Waswidi ukocha ni ufundi wa kusomea, na mizizi yake ni miaka ya sabini walipokuja Waingereza Bob Houghton pale Malmö na Roy Hodgson pale Halmstad, wakawafundisha kubana mstari, kukaba eneo, kurudia zoezi lile lile mpaka linaingia damuni. Kwenye mfumo huo jina lako la mabao halikusaidii chochote saa mbili asubuhi kwenye uwanja wenye barafu.

Atatokea mtu wa kuniambia mbona Nils Liedholm. Sawa, twende kwa Liedholm, maana ndo mfano mzuri kuliko wote na unanisaidia mimi. Alikuwa mmoja wa wale watatu wa mbele wa Sweden waliokwenda AC Milan, yeye na Gunnar Gren na Gunnar Nordahl, na baadae akashuka kucheza kiungo. Akastaafu 1961. Scudetto yake, yaani ubingwa wa Italia, ya kwanza kama kocha, na Milan, ni 1979, na ya pili na Roma ni 1983, mwaka uliofuata akaifikisha Roma fainali ya Kombe la Ulaya wakafa kwa penati mbele ya Liverpool kwenye uwanja wao wenyewe. Hesabu kutoka 1961 mpaka 1979, miaka 18. Katikati hapo yumo Verona, yumo Varese, timu za kupanda na kushuka, anajifunza kazi mbali na macho ya watu. Liedholm alikubali kuwa mwanafunzi kwanza.

Larsson alikaa Landskrona misimu mitatu na hawakupanda, mkataba ukaisha 2012 wakaachana. Hapa ndo wengi wanaandika feli kwa herufi kubwa. Mimi sitaki kumkandamiza sana, Landskrona haikuwa timu ya pesa, na kwa kocha anayejifunzia kazini kushindana daraja la pili bila kushuka sio aibu. Ila ndo hivyo, alikuwa anafanya makosa ya mwanafunzi mbele ya kamera za nchi nzima, kila sare ya Landskrona inaandikwa magazetini kwa sababu tu ni yeye.

Falkenberg 2014 ndo mahali ambapo wanaomponda hawataki kuangalia. Mji mdogo wa pwani, klabu inacheza ligi kuu kwa mara ya kwanza kabisa kwenye historia yake, kikosi cha watu wengi wasiojulikana, na Larsson akawabakiza. Kwa timu kama ile kubaki ndo ubingwa wake. Mwaka ule ule kocha Neil Lennon akaondoka Celtic na jina la Larsson likawa midomoni mwa watu Glasgow nzima, kazi ikaenda kwa Ronny Deila, Mnorwei aliyekaa Strømsgodset miaka na kuipa ubingwa wa Norway 2013. Wengi walisikitika. Mimi nilisikitika zaidi kwa jambo lililofuata, kwamba baada ya msimu mmoja tu mzuri Larsson akaondoka Falkenberg. Angekaa pale miaka mitatu minne, sehemu ambayo hakuna anayemdai historia, naamini leo tungekuwa na mjadala tofauti.

Badala yake akaenda nyumbani. Novemba 2014, Helsingborg.

Wasomaji wa Afrika Mashariki mnaijua Helsingborg, hata kama jina mmelisahau. McDonald Mariga kapitia pale kabla ya kwenda Parma na baadae kuwa Mkenya wa kwanza kushinda Ligi ya Mabingwa akiwa na Inter 2010, kwahiyo Mariga kavaa jezi moja na Larsson huyu huyu aliyekuwa amerudi 2006. Na mdogo wake Victor Wanyama akafuata Helsingborg kama kijana, ndo baadae huyo huyo Wanyama anaenda Celtic na kuwafunga Barcelona kwa kichwa 2012. Klabu ile ilikuwa na jicho, na 2011 walibeba ubingwa wa Sweden. Lakini Larsson anafika 2014 mambo yalishabadilika, pesa hakuna, wachezaji wazuri wameuzwa, na mashabiki vichwani mwao bado wanaishi 2011. Ukimpa shujaa timu ya namna hiyo unampa zigo la misumari abebe kwa mikono mitupu.

2015 wakamaliza nafasi ya 8, sio mbaya. 2016 ikaharibika. Nafasi ya 14, mechi za mchujo na Halmstad, ya kwanza 1-1, ya pili nyumbani kwenye uwanja wa Olympia tarehe 20 Novemba. Zikiwa zimebaki dakika chache Helsingborg wanapata bao, na mfungaji ni Jordan Larsson, mtoto wa kocha, miaka 19, hilo lingetosha kabisa kuwabakiza. Alafu dakika za mwisho mwisho kabisa Halmstad wanapiga la kwanza, wanapiga la pili, 2-1, Helsingborg wameshuka daraja. Watu waliofunika nyuso wakaingia uwanjani wakamwendea yule kijana, yule aliyewafungia bao, wakamzonga wakitaka kumvua jezi kwa nguvu. Baba yake yupo pale pale anaona.

Hapa ni lazima niseme wazi, timu kuongoza kwenye dakika za lala salama na kuruhusu mawili ni kosa la kocha pia. Siwezi kulifunika. Kufunga gemu, kujua nani aingie, nani asimame wapi, lini uwapotezee wapinzani muda, hayo ndo mambo ya kujifunza ukiwa msaidizi, ukiona mzee wako anafanya mara hamsini mpaka inakuwa tabia. Larsson alikuwa bingwa wa kuufungua mlango, Paris tumeona. Kuufunga hakuna aliyemfundisha. Lakini waliomvamia mtoto wake hawakuwa wanadai kosa la mbinu. Walikuwa wanamwadhibu mtu kwa sababu walimpenda, na hilo huwezi kulikuta Falkenberg, unalikuta nyumbani tu.

Akaondoka. Na kinachoniuma ni kwamba 2019 wakamwita tena na akaenda tena, Juni, na Agosti akajiuzulu akisema matusi na mashambulizi dhidi yake yamezidi. Hata miezi mitatu haikufika. Akaja Olof Mellberg, mwenzake wa timu ya taifa. Sijawahi kuelewa kwanini alirudi zaidi ya kwamba ni mapenzi, na sitamlaumu mtu kwa kuipenda klabu yake, ila mtu wa karibu alitakiwa amshike mkono amwambie kaka, hapana.

Agosti 2020 ndo akafanya kitu alichotakiwa akifanye Desemba 2009. Ronald Koeman, waliyewahi kuvaa jezi moja Feyenoord, akamchukua Barcelona kama msaidizi. Miaka karibu 11 toka aanze ukocha mkuu alafu ndo unaenda kuwa msaidizi, ngazi imepandwa kichwa chini miguu juu. Msimu ule Barcelona walibeba Copa del Rey kwa kuwafunga Athletic Bilbao 4-0 na kwenye ligi waliongoza kwa mabao, 85, ingawa wakaishia nafasi ya 3. Sitasema mabao yale ni kazi ya Larsson, Messi alikuwepo na kafunga 30 peke yake, hiyo inatosha kunyamazisha hoja. Ila nasema ile ndo kazi iliyomfaa, kumkalisha kijana wa mbele na kumwonyesha hatua mbili tatu zile alizozipiga Paris, zile ambazo hazionekani kwenye takwimu. Messi akaondoka, klabu ikayumba, Koeman akafungashiwa virago Oktoba 2021 baada ya kufungwa na Rayo Vallecano, na Larsson naye akatoka mlango ule ule. Bahati mbaya tena, maana mara hii hakuwa na kosa la kuonyeshwa kidole.

Kwahiyo mtu akiniuliza Larsson ni kocha mbovu namjibu hapana, ni kocha ambaye hakupewa muda wa kutokuwa na jina. Na kuna wengi wanafuata njia hiyo hiyo sasa hivi, wanastaafu Mei, Julai wameshapewa timu, Desemba wanakalia kuti kavu. Ningekuwa na klabu leo ningemtafuta Larsson kesho asubuhi, nimpe mafowadi wangu wote na mkataba mrefu, na kiti cha kocha mkuu ningempa mtu mwingine mpaka yeye mwenyewe aje aniambie kwamba sasa yuko tayari.